Namba ya Chai ya Arap Sigei

Niliiona ile namba. Kwa miaka mingi nimesema sikuiona. Nilimwambia hakimu sikuiona, nikamwambia Rael sikuiona, nikawaambia pia mume wangu na mchungaji, ambao hata hawakuwa wameniuliza. Sasa nimestaafu, hakuna wa kunifuta kazi, na ninyi makarani wapya mnaoingia masjala za mahakama mkidhani hatari ya kazi ile ni vumbi la mafaili, heri mjue. Niliiona namba ya mkulima ya arap Sigei, imeandikwa wazi kwenye risiti yake ya majani ya chai. Niliisukuma ile risiti kwa kidole kimoja, ikateleza juu ya kaunta mpaka kwake, nikamwambia, "Hii hatuihitaji, mzee."

Nilifanya hivyo kwa wivu. Ungekuwa wivu wa mume ningeusimulia kwa kujivuna kidogo, maana huo watu huuelewa. Mimi nilimwonea wivu mwanamke mwenzangu kwa sababu ya daftari.

Niliajiriwa Kericho miaka ya tisini nikiwa na shahada ya historia, baada ya kungoja kazi ya ualimu ambayo haikuja. Nilizaliwa huko huko, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Baba alikuwa ametoka upande wa ziwani kuja kufanya kazi kiwandani. Kikipsigis nilikijua cha sokoni, cha kununua maziwa na kukataa bei. Siku ya kwanza masjala nilisimama mlangoni, nikaita kwa sauti ya chuo kikuu, "Langat!" Nusu ya veranda ilisimama. Nikaongeza, "Langat wa kesi ya ng'ombe!" Hakuna aliyeketi.

Rael alikuja nyuma yangu, akatazama juu ya bega langu, akasema, "Wa Chebunyo, yule jirani yake ni mwalimu." Mzee mmoja akasogea mbele. Wengine wakaketi. Nadhani wivu wangu ulianza hapo, kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo.

Mjue basi Rael Chepkirui alikuwa nani. Alikuwa karani kama mimi, wa cheo changu hasa, aliyeishia kidato cha nne, mzaliwa wa Chebunyo. Alikuwa akitafsiri kortini asubuhi na kukaa masjala alasiri. Alicheka kwa sauti kubwa. Wakulima walimletea maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, mimi wakaniletea malalamiko. Hakimu, tuliyemwita Mheshimiwa hata alipokuwa hayupo, alikuwa na msemo mmoja kila faili lilipopotea: "Muulize Rael." Kuna juma nililohesabu mara ngapi alisema hivyo. Hesabu hiyo bado naikumbuka lakini sitaiandika, kuna aibu ambazo hata kustaafu hakuziondoi.

Ili nami niulizwe, nilibuni mfumo. Nilikusanya maboksi ya viatu, nikakata kadi ngumu, nikaandika jina la kila mlalamishi na kila mshtakiwa kwa herufi kubwa, nikapanga kwa alfabeti. Nilifanya kazi hiyo karibu mwaka mzima. Ilikuwa nzuri kutazama. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba ilitegemea watu kuwa na majina.

Mnacheka. Lakini chukueni mwanamke mmoja wa upande wa Bomet kwenda Kericho. Kanisani ni Esther. Mama yake anamwita Chepkemoi. Majirani wanamwita Bot Kibet, yaani mama Kibet, na wengine wamemwita hivyo mpaka wamesahau kama ana jina lingine. Kiwandani, kwenye orodha, ni Mrs. Sigei. Kwenye maboksi yangu ya viatu wanawake hao wanne hawakuwa wamewahi kukutana.

Rael hakuuliza jina. Mtu akifika kaunta, alimsalimu, "Chamgei," akaitikiwa, kisha akauliza, "Namba yako ya chai ni ngapi?"

Kwa wasiotoka kwetu: mkulima mdogo wa chai hupeleka majani yake mabichi kwenye kituo cha kupimia, na kiwanda humpa namba. Kila siku anayopeleka majani anaandikiwa risiti yenye namba hiyo. Mtu anaweza kubatizwa, kuoa, kukosana na babake na kubadilisha jina lote. Namba ya chai haibadiliki. Watu husahau siku ya ndoa yao lakini hiyo namba wataitaja wakiwa wamelala. Rael alikuwa na daftari la shule, lenye jalada la karatasi ya kalenda, na ndani yake kesi zote za ugomvi wa mashamba zilipangwa kwa namba za chai. Hakuna aliyemtuma. Hakuandika ripoti juu yake. Alipoulizwa na wakaguzi kutoka Nairobi kuhusu mfumo, aliwaonyesha maboksi yangu kwa heshima kubwa, akaficha daftari lake chini ya sweta. Hata hilo lilinikera. Angejisifu ningepata nafasi ya kumchukia vizuri.

Sasa arap Sigei.

Alikuwa mwanamume wa makamo, nadhifu, kofia mkononi, sauti ya chini. Marehemu kaka yake alimwacha mjane, yule Esther niliyeyataja majina yake. Kati ya shamba la mjane na la arap Sigei kulikuwa na mistari mitatu ya michai ambayo baba mkwe alimpa Esther mbele ya wazee. Mara ya kwanza arap Sigei alikuja kulalamika kwamba Esther ameiba majani ya mistari hiyo. Mara ya pili, kwamba amekata ua wa mpaka. Mara ya tatu, kwamba amemtishia kwa panga la kupogolea. Polisi walikuwa wamechoka naye, kwa hiyo alikuja moja kwa moja kortini kufungua mashtaka mwenyewe, na sheria ilimruhusu.

Kila mara ilienda hivi. Analalamika, korti inatoa samansi, Esther anaitwa, anaacha kuchuma, anakuja, kesi inatajwa na kutajwa tena. Siku ya kusikizwa ikifika, arap Sigei anasimama, anainamisha kichwa na kusema, "Mheshimiwa, naomba kuondoa, huyu ni wa familia." Veranda nzima inamwona mtu wa amani. Wengine walimshika mkono. Na kwa kuwa kesi iliyoondolewa haikuamuliwa, hakuna kilichomzuia kurudi.

Rael ndiye aliyegundua kwamba kila lalamiko lilifika uchaguzi wa kituo cha kupimia ukikaribia. Wakulima wa kituo chao walitaka karani mpya wa kupima majani, mtu wa kusimama na mizani na kuandika risiti bila kuibia yeyote. Mara tatu walimpendekeza Esther. Aliyeongoza kwa kura baada yake alikuwa arap Sigei. Na kiwanda hakiwezi kumpa mizani mtu mwenye kesi iliyo wazi kortini. Mara tatu nafasi ilimpita Esther akiwa amekaa kwenye benchi letu, na kituo kikaendeshwa na mtu wa kuazima.

"Huyu hataki kushinda," Rael alimwambia Mheshimiwa. "Anataka tu kesi iwe mezani."

Mheshimiwa akatoa agizo: lalamiko lolote jingine kutoka kwa mtu yule lisifunguliwe faili kabla ya yeye kulisoma. Rael akaandika kwenye daftari, chini ya namba ya chai ya arap Sigei: *Mistari mitatu. Shemeji. Huondoa kila mara. Apelekwe kwa Mheshimiwa kwanza.* Halafu Mheshimiwa akasema mbele ya masjala yote, "Ingekuwa si huyu mama na daftari lake, korti hii ingekuwa inafanya kazi ya arap Sigei." Akanitazama mimi na maboksi yangu, akatabasamu kwa huruma. Ningependelea anitukane.

Nawaambia kitu ambacho hamtafundishwa kwenye semina. Mimi nilimwelewa arap Sigei kuliko mtu yeyote pale. Alipokuwa akisimama kaunta akieleza kwa sauti ya chini jinsi Esther anavyopendwa bila sababu, jinsi watu walivyomzunguka kwa sababu tu anacheka nao, nilikuwa naitikia kwa kichwa. Sikuwa nikimhurumia. Nilikuwa nikikubaliana naye.

Kisha dada yake Rael akachumbiwa. Rael akachukua likizo ya wiki moja kwenda Chebunyo kwa koito, ile shughuli ya wazee wa pande mbili kukaa na kupatana. Kabla hajaondoka aliniwekea daftari kwenye droo yangu.

"Digrii," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, "ukiuliza namba tu, utakuwa sawa. Hata mtoto anaweza."

Alikuwa na nia njema. Lile neno la mwisho lilinichoma mpaka Jumatano.

Jumatano mvua ya mawe ilipiga mabati mpaka korti ikasimama kwa kukosa kusikilizana. Ilipotulia, arap Sigei alikuwa kaunta, akipangusa kofia.

"Chamgei, mama."

"Chamgei mising. Tukusaidie?"

"Nimeibiwa majani. Kuna mama anaitwa Esther Chepkemoi."

Alikuwa hajawahi kumtaja kwa jina hilo. Mara zote tatu alikuwa Mrs. Sigei. Nikafungua boksi la viatu kwa utaratibu, nikatafuta jina hilo tu, nikakosa kadi. Sawasawa na sheria zangu. Wakati huo yeye, kwa mazoea ya kuulizwa na Rael, alikuwa amekwisha kuitoa risiti ya majani mfukoni na kuiweka juu ya kaunta. Namba ilikuwa ikinitazama. Daftari lilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu.

Mawazo yangu yalikuwa mafupi na mabaya. Lalamiko likipita, Mheshimiwa atauliza liliwezaje kupita. Daftari la Rael litaonekana si kinga. Na mimi nitasema kadi haikuonyesha kitu, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Nikaisukuma risiti. "Hii hatuihitaji, mzee."

Akaniangalia kidogo. Nadhani naye alinijua. Akaikunja risiti, akatia sahihi kwenye lalamiko, nikapiga muhuri, na samansi ikatoka siku hiyo hiyo.

Sikuwa nimefikiria samansi humfikia nani na wapi. Ilimfikia Esther kituoni, saa ya kupima, wakulima wakiwa kwenye foleni na vikapu vyao, siku tatu baada ya wao kumpendekeza kwa mara ya nne. Alikuja masjala kesho yake, viatu vimejaa tope jekundu, akaweka ile karatasi mbele yangu. Hakulia. Aliuliza swali la kiofisi kabisa.

"Madam, hizi zinaisha lini? Nataka tu kujua. Kama ni kumi, mniambie ni kumi."

"Utasikizwa, mama."

"Kiwanda kimesema hii ni mara ya mwisho. Nikiwa na kesi siku ya kuandika barua ya kazi, wanamwandikia yule mwingine." Akaikunja karatasi yake mara nne. "Na yule mwingine ni yeye."

Nikamwelekeza benchi. Ndiyo kazi tuliyoajiriwa kufanya, kuwaelekeza watu benchi.

Rael aliporudi kutoka Chebunyo, bado ana furaha ya sherehe, alifungua rejista, akaona jina, akafungua daftari, akaona namba. Alichukua muda mfupi kuliko nilivyotumia mimi kukata kadi moja.

"Digrii. Hukumuuliza?"

"Kadi haikuwa na kitu."

"Sikuulizi kadi. Nakuuliza wewe."

"Hakunionyesha risiti."

"Arap Sigei? Aki ya Mungu, yule hutoa risiti hata akisalimiwa na kuku."

"Sikuiona, Rael."

Akanitazama. Hakunishtaki kwa Mheshimiwa. Alimwendea na kusema, "Limetupita," akilifanya kosa letu sote wawili, na akalikubali karipio lililofuata akiwa amesimama kando yangu. Mpaka leo sijui kama alijua. Ningekuwa na hakika alijua, huenda wivu ungeisha. Mtu akikusamehe kwa siri, unabaki huna hata pa kumshukuru wala pa kumlaumu.

Kesi ilisikizwa asubuhi ile ile ambayo kiwanda kilikuwa kinaandika barua. Arap Sigei alijua siku hiyo, ndiyo maana alikuja mapema na kuomba itajwe tu, isikizwe mwezi ujao. Mheshimiwa akakataa. Basi akainamisha kichwa kama kawaida.

"Mheshimiwa, naomba kuondoa, huyu ni wa familia."

Rael alitafsiri. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mafaili ambayo hayakuhitaji kubebwa.

"Leo haiondolewi," Mheshimiwa akasema. "Leo utatoa ushahidi. Umeibiwa majani gani, siku gani, ulimwona nani?"

Arap Sigei akatazama nyuma kama mtu aliyesahau mwavuli. "Mashahidi hawajafika."

"Walifika mara ya kwanza?"

"Hapana."

"Ya pili? Ya tatu?"

"Hapana, lakini mimi nataka haki yangu."

"Haki yako ni kusikizwa, na nakusikiza sasa hivi. Sema."

Akageuza kofia mkononi, akaketi. Mheshimiwa akaandika kwa muda, kisha akasoma polepole ili Rael aweze kufuata. Alisema mtu ana ruhusa ya kulalamika, na ana ruhusa ya kushindwa. Lakini anayeleta lalamiko lile lile mara nne, kwa sura tofauti, na kulitoa kila linapotaka kupimwa, hatafuti haki. Anaitumia korti kumzuia mwenzake asiende mbele. Huko ni kuvuruga taratibu za sheria. Shtaka linatupiliwa mbali, mshtakiwa hana hatia, na masjala isipokee tena lalamiko juu ya mistari ile mitatu bila ruhusa yake. Aliposema "masjala" alinitafuta kwa macho mlangoni, akanipata.

Esther aliuliza kwa Kikipsigis kama anaweza kwenda. Kesi iliyofuata ilikuwa ya ng'ombe wa Mulot na ilikuwa na mashahidi wengi, kwa hiyo Rael hakuweza hata kutoka kumpa mkono. Nilirudi masjala peke yangu. Arap Sigei alikuwa kwenye veranda akivaa kofia. Alinisalimu kwa kichwa, kama mtu anavyomsalimu mwenzake wa kazini.

Simu ikalia.

"Masjala," nikasema.

"Hapa ni kiwandani, upande wa wakulima. Nipe Rael." Ilikuwa sauti ya mwanamume mwenye haraka, na nyuma yake taipureta ilikuwa ikigonga.

"Rael yuko kortini. Nikusaidie?"

"Atatoka saa ngapi?"

"Hiyo kesi yaweza kufika jioni."

"Ah, jioni nitakuwa nimeshatia sahihi! Nina barua mbili hapa, moja ya Mrs. Sigei, moja ya shemeji yake, na dereva ameshawasha gari. Shemeji alileta hapa samansi juzi. Mama naye ameambia watu kesi ingesikizwa leo. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu, ana kesi au hana."

"Naweza kukwambia mimi."

"Hapana, hapana. Karani mwingine sitaki. Kuna mama mmoja hapo wa digrii, ana maboksi. Mwaka jana nilimuuliza juu ya huyu huyu, nikamtaja Esther Chepkemoi, akatafuta nusu saa huku simu yangu inakula, akaniambia hakuna mtu kama huyo. Kesho yake naona samansi! Nikachekwa hapa na ofisi nzima. Unamjua huyo mama?"

"Namjua," nikasema.

"Basi afadhali nimwandike yule mzee, angalau yeye karatasi zake ziko sawa. Mwambie Rael—"

"Ngoja," nikasema. "Ngoja, huyo anatoka. Usikate."

Niliweka simu juu ya meza. Masjala ilikuwa tupu. Nilitembea mpaka mlangoni ili nyayo zangu zisikike, nikarudi, nikavuta kiti kwa kelele. Nilikuwa nimemsikiliza mwanamke yule kwa miaka, kwa chuki ya karibu sana, na hakuna aliyeijua sauti yake kuliko mimi. Nikaichukua simu, nikaanza kwa kucheka.

"Chamgei! Ni Rael."

"Rael! Niokoe. Huyu Mrs. Sigei, ana kesi?"

"Hana. Imetupwa leo asubuhi, na hakimu amesema isirudi."

"Una hakika?"

"Nimeitafsiri mwenyewe. Andika barua yake."

Nilisikia karatasi moja ikiraruliwa, na taipureta ikanyamaza. "Asante sana, Rael," akasema. "Ni wewe tu wa kuaminika hapo."